Shemeji Alphonce na Moshi wa Ng'ambo

Dada yangu Rozalia alipoolewa na Alphonce nilinyamaza. Wajomba walikuwa wamekwisha kunywa pombe ya posa, akina mama walikuwa wanaimba, na mtu hawezi kusimama katikati ya wimbo akasema kwamba bwana harusi anapenda kusifiwa kuliko kula. Mimi ni Selestini, fundi wa mashine za maboti pale Kibirizi, ufukweni Kigoma. Siku Alphonce alipokuja kujitambulisha kazini kwangu nilimpa spana anishikie kidogo. Akaishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Nikajua nimepata shemeji wa aina gani.

Wakati huo alikuwa karani kwenye mradi mmoja wa misitu, mradi wa wafadhili, wenye magari meupe na watu wanaovaa kofia pana hata wakiwa ndani ya ofisi. Kazi yake ilikuwa kutoa kopi na kupanga viti. Halafu ikatokea semina Bujumbura, ya watu wa nchi za ziwani, kuhusu kufuatilia moto na moshi kwa picha za setilaiti. Mtaalamu aliyepaswa kwenda akaumwa, wakamtuma Alphonce ili nafasi isipotee. Alirudi na cheti. Akakitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni kwake Buzebazeba, juu kabisa, juu ya picha ya Bikira Maria. Rozalia alikishusha siku hiyohiyo, akakiweka upande wa mlango wa jikoni.

Mradi ulikufa kama inavyokufa miradi yote, siku moja tu, magari yakaondoka na waliobaki wakabaki na fulana. Alphonce alibaki na fulana ya kijani yenye mifuko mingi isiyotiwa kitu, pamoja na laptopu kuukuu waliyomwachia. Aliivaa fulana ile kanisani, msibani na sokoni.

Sasa, nisiwe mwongo kwa sababu simpendi. Ile kazi aliijua. Siku moja alikuja Kibirizi na laptopu yake, mimi nikiwa nimepasua mashine vipande vipande, akakaa juu ya dumu akanieleza.

"Tazama, shemeji. Setilaiti inapita juu yetu kabla ya adhuhuri. Nyingine inapita baada ya adhuhuri. Mahali penye moto zinapaona kwa joto lake, ndizo hizi nukta nyekundu. Moshi ndio huu uliotanda kama maji ya mchele."

"Naona."

"Picha moja haikwambii kitu. Weka mbili. Kwenye hii ya kwanza moshi umeishia vilimani. Kwenye hii ya pili umefika katikati ya ziwa. Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi umesoma," akasema, akafunga laptopu, akaondoka akiwa amefurahi kama mtoto. Nilichukia kukiri, lakini alikuwa ameeleza vizuri. Ndiyo maana hayo yaliyofuata sijamsamehe. Mtu asiyejua akisema uongo unamwonea huruma.

Kiangazi cha mwaka juzi moshi ulikuja mapema na ukakaa. Kwanza ilipotea milima ya Kongo, hiyo tumeizoea. Halafu ikapotea rasi ya Bangwe. Halafu zikapotea hata meli zilizofunga bandarini, unasikia honi huoni chombo. Jua lilichomoza jekundu, likatembea angani bila miale, likazama kabla ya kufika ziwani. Dagaa walioanikwa mchangani walinuka majivu. Hospitali ilijaa watoto wanaokohoa, na mama yangu mzazi alilala ameketi, mto mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi inakata.

Asubuhi moja boti la abiria kutoka vijiji vya kaskazini likagongana na boti lililobeba mawese. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, ila madumu yalipasuka na maji yote ya pale yakawa na rangi ya mchuzi. Mashine zote mbili zililetwa kwangu. Siku chache baadaye ukaitishwa mkutano wa watu wa mjini kuzungumzia moshi.

Aliyeuwezesha mkutano alikuwa Nikodemu. Huyu ni mfanyabiashara wa mahindi na mkaa, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, anayesalimia kila mtu kwa jina na kusahau kila alichoahidi. Ukumbi ulikuwa wake, viti vyake, soda zake. Alphonce akaitwa kama mtaalamu. Alivaa ile fulana.

Akaweka picha mbili ukutani kwa projekta, moja kando ya nyingine, kama alivyonionyesha mimi. Akaanza kwa sauti nzuri: "Ndugu zangu, moshi huu ni wetu wenyewe. Mioto iko huku nyuma ya Mwandiga, na mingi zaidi iko kwenye misitu ya kuelekea Uvinza. Watu wanafyeka mashamba mapya na kuchoma mkaa. Upepo unauleta moshi hapa kwetu, halafu unaupeleka ziwani." Akaweka kijiti juu ya kundi kubwa la nukta nyekundu. "Hapa, kwa mfano, moto haujazimika tangu mwezi uliopita."

Mama mmoja nyuma akasema, "Hapo si ndipo kwenye shamba jipya la Nikodemu?"

Watu wachache walicheka, halafu wakaacha. Nikodemu hakukasirika. Aliweka chupa yake ya soda chini, akafuta midomo kwa leso.

"Bwana Alphonce, hicho chombo chako kinaona mpaka Kongo?"

"Kinaona, mzee."

"Na kule hakuna moto?"

"Upo. Upo mwingi."

"Sasa mbona umekuja kutusomea wa kwetu tu?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu walipiga makofi kama timu yao imefunga goli. Mimi nilikuwa namtazama shemeji usoni. Alitazama ukuta, akawatazama watu, akautazama ukuta tena, na nikaona uso wake ukigeuka polepole kama boti linalovutwa usukani.

"Mzee amenikumbusha jambo la msingi," akasema. "Ng'ambo moto ni mkubwa sana. Na mchana, kama wote mnavyojua, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Hilo lazima tulitilie maanani."

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Ng'ambo kulikuwa na moto, na mchana, ule upepo mwepesi wa ziwani upo, unafika mpaka kwenye vibanda vya chipsi na kuishia hapo. Ukiyaweka pamoja maneno hayo mawili unapata uongo mkubwa kama meli. Watu wakapiga makofi tena, safari hii kwa ajili yake, na wengine wakagonga chupa za Nikodemu kwenye viti vya Nikodemu. Alphonce akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu lililonichefua kama lile.

Tangu siku hiyo hakuweka tena picha mbili. Kila mchana alirusha moja tu kwenye makundi ya Wasapu, na juu yake mshale mwekundu mnene unaotoka Kongo, unavuka ziwa, unachoma Kigoma kifuani. Setilaiti haichori mishale. Mshale aliuchora yeye mwenyewe, mezani kwa dada yangu, kwa kidole. Redio moja ya hapa mjini ikampa dakika zake kila jioni. Watoto wa shule wakamwita Bwana Setilaiti. Wanaume wazima walimsimamisha barabarani: "Bwana Setilaiti, leo wametutumia kiasi gani?" Naye alisimama, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza mapafu, akajibu: "Leo wametuonea sana."

Na hawa watu wangu, nao niseme nini juu yao? Hakuna mkazi wa ufukwe huu asiyejua upepo wa kiangazi unatoka wapi. Ukianika shuka unajua. Kila asubuhi moshi ulishuka vilimani mbele ya macho yetu, ukapita juu ya mabati yetu kwenda ziwani, na watu wakausindikiza kwa macho huku wakiilaani Kongo. Malori ya mkaa ya Nikodemu yalishuka kutoka Mwandiga nyuma ya moshi huohuo, na walewale walioilaani Kongo walikimbilia malori wapate mkaa wa bei nzuri.

Ikaundwa kamati, wakaiita Kamati ya Hewa Safi. Mwenyekiti Nikodemu. Mshauri wa kitaalamu Alphonce, mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Lakini kamati ilikuwa na tatizo: Kongo ni mbali, na ziwa ni pana, na wajumbe wengine hawajui kuogelea. Basi wakatafuta Kongo iliyo karibu. Wakampata Rahabu.

Rahabu hubanika samaki karibu na pale ninapofanyia kazi. Ana matanuri ya udongo, juu yake chanja za waya, na migebuka yake hupanda treni mpaka Tabora. Babu yake alivuka kutoka Kongo zamani, kabla hata baba yake Rahabu hajazaliwa. Baba alizaliwa Ujiji, Rahabu mwenyewe alizaliwa Ujiji, binti yake Agape kazaliwa Ujiji. Lakini jina la ukoo wao lina harufu ya ng'ambo, na hilo lilitosha.

Vijana wa kamati walikuja asubuhi wakiwa na fulana mpya. Wakamwaga maji kwenye matanuri, wakakunja chanja kwa miguu, wakatangaza kwamba shughuli imefungwa mpaka kiangazi kiishe. Mimi niliacha mashine nikaenda kusimama pale, pamoja na mafundi wenzangu, ndipo wakaacha kuvunja. Mmoja wao, akiwa anaondoka, akamwambia Rahabu, "Mrudishe moshi wenu kwenu."

"Kwetu Ujiji," Rahabu akamjibu. "Niurudishe kwa miguu au nikodi bajaji?"

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikuwa nimeketi kwa dada nakula. Rahabu akabisha hodi. Yeye na Rozalia huimba kwaya moja, wamefahamiana tangu wasichana. Rozalia akamvutia kiti, Rahabu akakataa kuketi. Alisimama mbele ya Alphonce, khanga kaifunga kiunoni.

"Shemeji, nimekuja unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, dada Rahabu? Karibu kwanza chakula."

"Nionyeshe moshi wangu. Kwenye picha zako. Nataka niuone."

Alphonce akafungua laptopu. Akaifunga. "Setilaiti haishuki mpaka kwenye jiko la mtu, dada. Nukta moja ni eneo kubwa, viwanja vya mpira kadhaa."

"Kwa hiyo sionekani."

"Huonekani."

"Na vijana wako walipokuja kukunja chanja zangu walimwona nani?"

"Mimi ni mshauri tu. Sikuwatuma."

"Walinionyesha mshale wako kwenye simu. Ule mshale umechorwa na Mungu au umechorwa na wewe?"

Shemeji akachukua bilauri ya maji, akakuta haina maji, akanywa hivyohivyo. Rozalia ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi: "Amechora yeye. Nilikuwa naosha vyombo, nikamwona."

"Mambo ya hewa yana utata wake," Alphonce akasema.

"Utata unao wewe," Rahabu akamwambia. "Moshi hauna." Akamuaga dada yangu, akaniaga mimi, akatoka bila kumtazama tena.

Nilitegemea Rozalia atapiga kelele. Hakupiga. Alimaliza kuosha vyombo, akavaa kandambili, akamfuata Rahabu. Jumatatu nilipopita nilikuta udongo umemwagwa nyuma ya nyumba yao, na wanawake wawili wamekunja vitenge mpaka magotini wanaukanyaga. Wiki haikuisha, tanuri la Rahabu likawa linatoa moshi nyuma ya nyumba ya mshauri wa kitaalamu wa Kamati ya Hewa Safi.

Kamati ingefanya nini? Ije ivunje nyumbani kwa mshauri wake, ambaye picha yake imo kwenye kalenda yao? Walipita, wakatazama, wakasonya, wakaondoka. Na Alphonce, kila mchana akiketi kuchora mshale wake, moshi wa migebuka ulimwingilia dirishani. Alichora huku anatokwa na machozi. Fulana ile ya mifuko ikanuka samaki, na redioni mtangazaji akaanza kukaa mbali naye kidogo.

"Rozalia, unaniaibisha," nilimsikia akimwambia siku moja.

"Chora tu," dada akamjibu. "Weka na mshale wa kutoka hapa dirishani."

Kilichomwangusha si samaki, wala si dada yangu. Ni mkutano mwingine. Watu wa ng'ambo, wenye maboti na wafanyabiashara, nao walikuwa wamechoka kugongana ziwani. Ukapangwa mkutano wa pande mbili kwenye hoteli moja hapa mjini. Wageni walivuka na boti lao, na mashine ikawasumbua njiani, kwa hiyo walipofika nilikuwa wa kwanza kuwapokea. Kiongozi wao, baba mmoja mwenye miwani, aling'ang'ania nifuatane nao hotelini nile nao. Ndiyo maana nilikuwepo.

Walikuwa wamekuja na mtaalamu wao, mtu mrefu mwembamba anayeitwa Faustini. Tulipoingia ukumbini, Faustini alimwona Alphonce, akaangusha begi lake chini, akamkumbatia mpaka kitambulisho kikageuka nyuma.

"Alphonce! Ndugu yangu! Uko mzima?" Akatugeukia sisi sote. "Huyu mtu tulisoma naye Bujumbura. Miye nilikuwa nashindwa kabisa. Alikaa na miye saa ya chakula, siku zote za semina, hakula, ananifundisha. Bila yeye singejua kitu."

Alphonce akacheka kicheko kidogo kisicho na sauti. Nikodemu alikuwa anamtazama.

Zamu ya Faustini ilipofika, aliweka ukutani picha mbili, moja kando ya nyingine. Nilizijua kabla hajasema neno. "Hii ni ya asubuhi," akasema, "na hii ni ya mchana wa siku ileile. Weye Alphonce ndiye ulinifundisha: moja haisemi kitu, weka mbili. Moshi unaanza huku kwenu, unapita juu ya mji wenu, unaingia ziwani, unafika kwetu. Siku zote za kiangazi ni hivyo. Siyo kwamba sisi ni malaika. Moto tunawasha na sisi, na moshi wetu unakwenda mbali zaidi huko magharibi, unatesa wengine. Lakini watoto wetu wa pwani wanakohoa moshi wa kwenu. Tumekuja kuwaomba, tufanye nini pamoja?"

Watu wa upande wetu walijikuna, wakatazama simu zao. Nikodemu akaegemea kiti.

"Bwana Alphonce, mjibu mwenzako. Mweleze habari ya upepo wa mchana."

Shemeji akasimama. Nilijua atakachosema, na niseme kweli, nilikuwa nimekwisha kuandaa matusi yangu, nimeyapanga vizuri, nikisubiri tu kufika nyumbani.

"Upepo wa mchana upo," akaanza. Baadhi ya watu wetu wakapiga makofi. Akangoja yaishe. Akamtazama Faustini, ambaye alikuwa anamwangalia kwa upendo kabisa, kalamu mkononi, tayari kuandika atakachoambiwa, kama mwanafunzi. "Lakini ni wa ufukweni. Ni wa chini na ni mwepesi, hauvuki ziwa. Picha alizoonyesha ndizo ninazoziona mimi kila siku. Amesema kweli."

Aliketi kabla sentensi haijaisha vizuri. Msidhani lilikuwa jambo la kishujaa. Alikuwa ameloa jasho, na alisema kwa sababu alikuwa amebanwa kati ya Nikodemu na Faustini, na Faustini ndiye aliyemsifu kwanza. Hata hivyo alisema. Matusi yangu yote yakakosa pa kwenda, nikamdharau na kwa hilo pia.

Nikodemu hakupepesa jicho. "Tumesikia," akasema. "Wataalamu wametofautiana, ndivyo sayansi ilivyo. Naomba twende kwenye maazimio." Yakasomwa maazimio, ambayo yalikuwa yamechapwa tangu jana yake: pande zote mbili zitaendelea kushirikiana, kamati itaendelea na kazi yake nzuri, na mwenyekiti wa ushirikiano atakuwa Nikodemu. Yule baba mwenye miwani wa ng'ambo akawa makamu. Wakapeana mikono, wakapigwa picha, wakaenda kula kuku. Wageni wetu walikula vizuri tu. Faustini peke yake alibaki amesimama karibu na projekta, haelewi kama mkutano umekwisha.

Nilipanda bajaji moja na shemeji. Alikuwa ameivua fulana, ameikunja mapajani. Tukashika barabara ya stesheni.

"Hebu niambie," nikamwuliza. "Ulijua tangu siku ya kwanza. Kwa nini?"

Alifikiri kweli, hakukimbilia kujibu. "Shemeji, umewahi kusimama mbele ya ukumbi mzima unakupigia makofi?"

"Hapana. Mimi mashine ikiwaka inanitosha."

"Basi huwezi kuelewa."

Nikamwambia dereva asimame. Nikateremka, nikaenda zangu kwa miguu.

Mji ulimtendea kama unavyowatendea wote unaowainua bila sababu. Redio ikamwondoa, dakika zake wakampa muuza magodoro. Makundi ya Wasapu yakamtoa. Wale waliomwita Bwana Setilaiti wakaanza kumwita Mkongo, na mtu mmoja akaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yake: RUDI KWENU. Kwao ni Mwandiga. Unapanda daladala, kabla hujamaliza kula karanga umefika. Mama yangu, ambaye bado alikuwa analala ameketi, alisikia habari hiyo akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi tumpige mgongoni.

Kamati haikumfukuza. Ilisahau tu kumwita. Ilisahau pia matanuri ya Rahabu, maana mvua za kwanza zilinyesha, moshi ukaondoka, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyefunga nini. Rahabu akarudi Kibirizi bila kumwomba mtu ruhusa.

Alphonce akaja kumwomba radhi. Alikuja kwa miguu, bila kitambulisho, na nilizima mashine niliyokuwa naijaribu ili nisikie vizuri.

"Dada Rahabu, nimekuja kusema pole kwa yale yaliyotokea."

"Yalitokea yenyewe?"

Akajisahihisha: "Kwa yale niliyoyafanya."

"Nimesikia," Rahabu akasema, akiendelea kupasua samaki. "Tanuri la mwisho pale lina nyufa. Udongo uko nyuma ya kibanda, ndoo hiyo hapo."

Alidhani ni utani. Rahabu hakuinua macho. Basi shemeji yangu, mwenye cheti cha Bujumbura, akakunja suruali, akakanyaga udongo mpaka jua likageuka. Alisiriba tanuri likawa limeinama upande mmoja kama mlevi. Rahabu alipoliona alilipiga teke likaanguka, akamwambia aanze upya. Alirudi siku ya pili, na ya tatu. La tatu lilisimama. Halikuwa zuri, ila lilisimama, na Rahabu akaliwasha bila kumshukuru.

Kiangazi kilichopita moshi ulirudi kama kawaida. Nikodemu amenunua lori jingine na amezindua kampeni ya kupanda miti, ambayo wanafunzi walipelekwa kuipanda na kiangazi kimeikausha. Maboti yamegongana tena mara moja, karibu na Katonga. Mama amekivuka kiangazi salama, kwa dawa za kuvuta na kwa ukaidi wake. Alphonce sasa ananunua ngazi za michikichi, ile mikungu ya matunda yake, kwa niaba ya kiwanda kidogo cha kukamua mawese huko Mwandiga. Mikono imekuwa myeusi na nasikia wakulima wanamheshimu kwa kuwa hawapunji kwenye mizani. Ile fulana Rozalia anaifungia mlango wa banda la kuku.

Dada ananiambia imetosha, niache kumsema mume wake, mtu amebadilika. Nimemwambia nitaacha. Jumapili iliyopita tulikula pamoja, ugali na migebuka, na Alphonce akanikaribisha kipande cha kichwa, kile kizuri, akanisogezea na chumvi. Nilikipokea, nikakila chote, na sikumwambia ahsante.